Joho la Mfalme wa Darasa la Nane

Mfalme alipotangaza kodi ya kupiga chafya, alitegemea angalau mtu mmoja anune. Hakuna aliyenuna. Wa kwanza kushikwa na chafya, kibonge mmoja wa safu ya nyuma, alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akachomoa maharage mfukoni, akatembea mpaka mbele na kuyadondosha kwenye kopo la hazina. Halafu akainama.

"Ahsante, Mtukufu," alisema, akarudi kukaa.

Mfalme huyo jina lake lilikuwa Wendell Thibault, mwalimu wa historia katika shule ya mji wa Corliss, jimbo la Maine, na taji lake lilikuwa la karatasi ngumu. Alimsindikiza yule mtoto kwa macho mpaka kitini, kisha akageukia dirisha, akaona theluji ya kwanza ikijaribu kuanguka na kughairi. Ilikuwa Jumatano. Kufikia Jumatano, miaka yote, darasa huwa limeshaanza kunuka baruti.

Kila Novemba, darasa la nane lilipofika kwenye habari za makoloni kumi na matatu na ugomvi wao na Uingereza, Wendell alifunga vitabu, akawa Mfalme George kwa wiki nzima. Kila mwanafunzi alipewa mfuko wa maharage makavu, na maharage hayo yalipendwa kuliko dhahabu, maana mwisho wa wiki yaliweza kumwokoa mtu na kazi ya nyumbani. Halafu Mfalme anaanza kuyachukua. Kodi ya kuchonga penseli. Kodi ya kufungua dirisha. Kodi ya karatasi, kwa kuwa Waingereza wa kweli waliwatoza watu wa huku kodi ya kila karatasi yenye muhuri, wakashangaa kuona watu wazima wanachoma moto nyumba za watoza kodi. Jumatatu watoto hucheka. Jumanne hununa. Jumatano wananong'ona, Alhamisi wanaleta malalamiko ambayo Mfalme anayachana mbele ya macho yao. Na Ijumaa, bila kuambiwa na mtu, wanabandika tangazo lao mlangoni, wanamvua Mfalme joho lake jekundu, wanakimbia nalo uwanja wa nyuma hadi kwenye daraja la mbao, na wanalibwaga mtoni kama watu wa Boston walivyoibwaga chai baharini.

Mji wa chini, kule mto unapojikunja kuzunguka kiwanda cha mbao, watu hawakuwa na haja ya kalenda. Wakiona mfalme anapita juu ya maji wanajua wakati wa kuvaa nguo za ndani za sufu umefika. Kuna mvuvi aliwahi kunasa wafalme wawili kwa ndoana moja, wa mwaka ule na wa mwaka uliotangulia, na mbwa wake akapewa mmoja wa kulalia. Tangu siku hiyo mbwa huyo hagusi chakula mpaka ainamiwe kwanza.

Lakini somo lenyewe lilikuwa baada ya hapo. Watoto wakisharudi kutoka darajani, sauti zimewakauka kwa vifijo, Wendell aliwakalisha akawauliza mambo ambayo hawakuwa tayari nayo. Nani kati yenu hakutaka kuasi, akaogopa kusema? Nani aliandika tangazo, na nani hakuulizwa? Mmeandika kwamba sote ni huru. Mbona yule mliyembebesha mikoba yenu wiki nzima hakutia sahihi? Corliss kulikuwa na watu wenye ndevu na wajukuu waliokuwa wamesahau yote waliyofundishwa shuleni isipokuwa swali waliloulizwa Ijumaa ile.

Mwaka huu alikuwa anakuja Bi Pruitt, mkaguzi wa wilaya. Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa imepata masomo ya mashine: kila mtoto na kompyuta yake, hedifoni masikioni, historia inatiririka kwenye kioo, na kila baada ya muda swali la kuchagua jibu. Haskell, mkuu wa shule, alimfuata Wendell bwaloni na kikombe cha kahawa mkononi, akamweleza kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Bi Pruitt angekuja Ijumaa kuiangalia Wiki ya Mfalme. Akiona watoto wamejifunza kitu, inabaki. Asipoona, kuanzia Januari ni mashine.

"Wewe fanya kama siku zote, Wendell," Haskell alisema. "Watoto wenyewe watakupigania."

Wakati ule Wendell hakuwa na wasiwasi. Nyumba yake ilikuwa kimya tangu mwezi Machi. Alikuwa anakula supu ya kopo amesimama kando ya sinki, kwa sababu ukikaa mezani unatazamana na kiti cha pili. Wiki ya Mfalme ndiyo kitu pekee alichokuwa anakisubiri mwaka mzima, na hakuona ni vipi mtu mwenye macho angeitazama asiielewe.

Joho lilikuwa kazi ya Claudette, mkewe. Claudette alikuwa dereva wa basi la shule, lile la njano la barabara ya ziwani, na kati ya kuwaleta watoto asubuhi na kuwarudisha alasiri alibaki nyuma ya usukani bila la kufanya. Ndipo alipokuwa akishona. Mahameli nyekundu ilitoka kwenye mapazia ya ukumbi wa sinema uliofungwa. Darini kwake kulikuwa na marobota ya kuwavika wafalme wote wa Ulaya na farasi wao. Kola ilikuwa ya pamba, imetiwa madoa meusi ya wino. Joho moja likishakwenda na maji Ijumaa, Jumatatu lingine linaanza. Watoto wa basi lake waliliona likiwa bado kipande tu mapajani kwa dereva, na wengine walimshikia uzi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwangoja pale darajani na donati na juisi ya tufaha ya moto, na joho lake lilipochukuliwa na mkondo, yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Mwezi Machi moyo wake ulisimama akiwa jikoni. Watu wa mji walisema hata hapo aliwafikiria watoto, hakufia kwenye usukani. Joho alikuwa amelimaliza isipokuwa pindo la chini, lililoshikiliwa na pini. Marobota ya darini yalikuwa yamekwisha. Wendell hakujua kushona, wala hakutaka mtu mwingine aguse kazi ile, basi alilivaa vilevile lilivyo, na kila alipopiga hatua pini zilimdonoa miguuni.

Hivyo ndivyo alivyotawala wiki hiyo, akichomwa, na raia wake wakimpenda.

Jumatatu walicheka, vizuri. Jumanne walilipa. Jumatano walilipa na kushukuru. Kulikuwa na binti mmoja, Brynn Ouellette, ambaye siku za kawaida alikuwa akibishana hata na saa ya ukutani. Alipotozwa kodi ya kuuliza swali, alilipia maswali mawili, akasema la pili ni la akiba. Ila aliyemuuma Wendell zaidi ni Tucker Gagne. Tucker ndiye aliyemtia kambakoche hai kwenye droo ya mkuu wa shule mwaka uliopita, na inasemekana kabla hajagunduliwa kambakoche huyo alikuwa ameshaiendesha shule kwa siku kadhaa, na vizuri kumshinda Haskell. Mtoto wa namna hiyo ndiye moto wa kila uasi. Wendell alimtoza kodi ya urefu, akamtoza ya kuwa na nywele nyekundu, akamtoza ya kupumua kwa mdomo. Maharage yalipomwishia, Tucker aliomba alipe kwa jasho, akaifagia sakafu ya kifalme huku anapiga mluzi.

Wendell alijaribu kuwadokeza. Aliitaja Boston kana kwamba imemtoka tu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akalipa kodi, akasema si ni Mwalimu mwenyewe aliyewafundisha kwamba wengi katika makoloni hawakutaka vita, walibaki na mfalme wao? Wendell akakubali kwamba ni kweli. Mtoto akasema basi wao ndio hao.

Na hakuwa na njia ya kuwaambia. Angesema "asini," wangeasi kwa adabu, kwenye foleni, mfupi mbele mrefu nyuma, na huo ungekuwa utii kuliko utii wote walioonyesha. Kila nguvu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuwafanya watii. Ya kuwafanya wakatae, hakuna mfalme anayeimiliki.

Alhamisi, siku ya malalamiko, hayakuja malalamiko. Ilikuja kadi ya maua ya kumtakia Mfalme maisha marefu.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia alimwomba Tucker abaki kumpandishia viti mezani. Walifanya kazi kimya, mmoja huku, mwingine kule. Kisha Wendell akavua taji, akaliweka kwenye meza.

"Tucker, nataka kukuuliza kitu, na sikuulizi kama mfalme."

"Uliza tu, Mwalimu."

"Nimekunyang'anya maharage yote. Nimekutia ufagio mkononi. Wewe, wa kambakoche. Hukasiriki?"

"Nakasirika," Tucker alisema. "Jana nilikasirika mpaka nikatafuna sweta."

"Sasa?"

Tucker alipandisha kiti, akakisogeza kidogo kikae sawa na vingine, jambo ambalo hakuwahi kulijali maishani.

"Tulipiga kura."

Halafu akamweleza, akiongea na kile kiti. Jumanne, wakati wa michezo, walijibanza nyuma ya magodoro ya sarakasi, wakafanya kikao kama wanavyofanya wakubwa wa Corliss kila mwaka wanapogombana juu ya barabara na theluji: mmoja anaongoza, mwenye neno anasimama, mwisho mikono inahesabiwa. Brynn aliongoza. Tucker alisimama akaitetea hoja ya kuasi, na kwa maoni yake alisema maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Walikuwa wameshaanza kumpigia makofi. Ndipo akasimama binti mmoja wa barabara ya ziwani, ambaye hasemi mara nyingi, akasema tu kwamba Bi Claudette hayupo wa kushona joho lingine. Akakaa. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala wa maana. Kura zikapigwa, na walioshindwa wakaapa kwamba watafuata, Tucker akiwemo.

"Tulikubaliana mtu asikwambie," alisema. "Sasa nimekwambia. Usiwaambie kwamba nimekwambia, watanitoa roho."

Wendell alijua maneno ya kusema. Ni kitambaa tu, mwanangu. Ni mapazia ya sinema. Bi Claudette mwenyewe angekuwa wa kwanza kulitupa. Yote yalikuwa kweli, na yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Asubuhi ile, alipokuwa analivaa joho, alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa ndani akakuta ganda la pipi ya mnanaa, zile alizokuwa akimumunya Claudette akiwa barabarani. Alikuwa amelirudisha mle mle mfukoni, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha yai.

"Brynn aliongoza vizuri?" ndicho alichoweza kuuliza.

"Ana makelele," Tucker alisema. "Ila kila mtu alipewa nafasi yake."

Aliondoka. Wendell akabaki na viti vilivyopinduliwa miguu juu. Kikao, hoja, kura, walioshindwa kukubali kushindwa. Kila kitu alichokuwa akitaka wakijue walikuwa wamekifanya wenyewe, nyuma ya magodoro yanayonuka soksi, na kesho angekuja mtu wa kuangalia kama wamejifunza kitu, na asingeona chochote isipokuwa watoto wanaoinama.

Bi Pruitt hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa. Alikuwa mama mfupi mwenye mafua na viatu vya raba, aliwahi kufundisha hesabu, na alipoingia aliwatabasamia watoto wote kama aliyekuwa na hamu nao. Alikaa nyuma na kishikwambi chake mapajani. Wendell aliona kwenye kioo safu ya visanduku vitupu vikingoja alama.

Akaanza kutawala kama mwendawazimu. Alikusanya maharage yote yaliyobaki, akayafungia kabatini. Alifuta mapumziko. Alitangaza kwamba Sikukuu ya Shukrani wiki ijayo imehamishiwa ikulu, na bata mzinga wote wa Corliss waletwe kwake wakiwa wamekaangwa, na raia wapewe kazi ya nyumbani ya kufanya wakati yeye anakula. Darasa likasema, "Mfalme aishi." Alimwamuru Tucker aimbe wimbo wa kumsifu, na Tucker, ambaye sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, aliimba beti zote, akiingia na kutoka kwenye sauti ya baba yake kama mtu anayepanda na kushuka ngazi. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamtazama Wendell kwa macho ya huruma.

Bi Pruitt alimwinamia Brynn, akamwuliza kwa sauti ya chini wamejifunza nini wiki hii. Brynn aliangalia mbele, akamwona mwalimu wake ndani ya mahameli, akafikiri.

"Tumejifunza kwamba Mfalme anatupenda," alijibu.

Kidole cha Bi Pruitt kilibaki kinaning'inia juu ya kioo.

Wendell akawatoa nje wote, na makoti yao, kwa amri ya Mfalme. Walivuka uwanja wakiwa kwenye mstari ulionyooka. Theluji ilikuwa imeamua safari hii, inashuka nzito na yenye maji. Pale mwisho wa daraja, alipokuwa akisimama Claudette na birika lake, hapakuwa na mtu, na kila mtoto aliyepita hapo alipapisha, bila kukanyaga.

Alikuwa amebakiwa na hila moja. Mwalimu aliyezeeka kwenye kazi hii anajua kwamba ukitaka mtoto wa miaka kumi na mitatu afanye jambo, umkataze. Alivua joho, akalitundika kwenye mwamba wa kushikia wa daraja, nusu huku nusu kule, juu ya maji.

"Sikilizeni amri ya mwisho," alisema. "Ni marufuku mtu yeyote kuligusa joho hili. Atakayeligusa ni mwasi, na msaliti wa Mfalme."

Akawapa mgongo. Alitembea mpaka mwisho wa daraja, akasimama akitazama shule, shati lake likilowa. Alisikiliza. Nusu yake ilikuwa inawaombea walitupe, sasa hivi, kwa kelele, Bi Pruitt aone. Nusu nyingine ilikuwa inawaombea wasilitupe, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inatetemeka. Hakusikia mguu hata mmoja ukisogea. Bi Pruitt alipiga chafya, na hakuna aliyemtoza.

Kisha akasikia mkwaruzo mdogo, wa pini juu ya mbao.

Hakuna aliyeligusa. Wote walikuja kuapa hivyo baadaye, na Bi Pruitt alithibitisha. Mahameli ilikuwa imekunywa theluji, upande wa nje ukawa mzito kuliko wa ndani, na mwamba ulikuwa umeanza kuganda. Wendell alipogeuka aliona wekundu unamalizia kuteleza, taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani asiwaamshe wenzake.

Maji ya mto ule mwezi Novemba yana baridi ya kumfanya samaki atamani kukaangwa. Joho lilitua juu yake, likajitandaza, kola ikasimama, likaanza kuondoka kuelekea kwenye kona kana kwamba ndani yake amekaa mtu ambaye hana haraka.

Watoto wote walimtazama Wendell. Walikuwa wanangoja. Ilikuwa zamu yake kusema neno, lolote, na mkono wake uliinuka nusu ukabaki hapo, na yeye mwenyewe hakujua kama ni mkono wa kukataza au wa kuaga.

"Mimi naasi," alisema Tucker, bila kupaza sauti, akaruka ukingo wa daraja upande wa kwenye majani na kuteremka mbio.

Akafuata Brynn. Wakafuata wote.

Hapo ndipo sauti ya Wendell iliporudi, na haikuwa ya kifalme. Aliwaita mmoja mmoja kwa majina. Aliwaambia mchezo umekwisha, ni yeye sasa, mwalimu wao, anawaambia hakuna kuingia majini. Brynn, maji yakiwa yamemfika magotini, midomo imeanza kuwa ya zambarau, alimgeukia.

"Tumekusikia, Mwalimu," alisema. "Tumekataa."

Walishikana mikono wakafanya mnyororo. Yule kibonge wa chafya alijifunga mwishoni kwa kukumbatia mzizi wa mti, na darasa zima likaning'inia kwake. Tucker alikuwa mbele, maji kiunoni, ananyoosha vidole. Kola ilimponyoka mara ya kwanza. Wendell alijikuta naye yumo mtoni, hakukumbuka ameingia saa ngapi, viatu vimejaa. Alikuwa akimshika mtoto mmoja na kumsukuma ukingoni, na akigeuka, mwingine ameshaingia. Aliwatoa, wakarudi. Ilikuwa kama kuteka mto kwa kijiko. Ukingoni Bi Pruitt alikuwa anapiga simu kwa mkono mmoja na kuvua koti lake kwa mwingine.

Walilitoa. Walilivuta wote pamoja mpaka kwenye majani, wakalilalia, wakapiga kelele ambazo Corliss haikuwa imezisikia tangu Novemba iliyopita. Tucker alikuwa na pini imemwingia kiganjani, na alikuwa anamwonyesha kila mtu kama nishani.

Baada ya hapo mambo yalikuwa ya watu wengine. Muuguzi alikuja na mablanketi. Haskell alikuja bila koti. Magari ya wazazi yalijipanga, na watoto wakavalishwa nguo zilizookotwa shuleni zisizo na wenyewe; Tucker alirudi nyumbani na sweta la waridi lenye picha ya paka. Hakuna aliyeugua. Inasemekana yule kibonge hakupiga chafya tena mpaka masika.

Bi Pruitt alimkuta Wendell ukumbini, chini yake pana kidimbwi. Hakumgombeza. Alisema anasikitika sana, na kweli uso wake ulisikitika. Alisema kwenye visanduku vya kujifunza amekosa cha kuweka, na kwenye visanduku vya usalama hakuna hata kimoja alichoweza kuacha bila kutia kosa.

"Umeona lakini," Wendell alisema. "Pale ukingoni. Ndilo somo lenyewe, lile. Walifanya kikao, Jumanne. Walipiga kura."

"Walipiga kura waingie mtoni?"

"Hapana. Walipiga kura wasiasi." Alisikia jinsi neno hilo lilivyosikika. Alijaribu tena, akaanza na basi, na mapazia ya sinema, na Claudette akishona kwenye usukani. Maneno yalimtoka yakiwa na maji maji, hayashikani. Bi Pruitt alimgusa mkono, akamwambia akabadilishe nguo asije akapata homa ya mapafu. Simu yake ikaita, akaenda kuipokea.

Darasani walikuwa wamebaki wachache ambao wazazi wao walikuwa kazini, wamejikusanya kando ya hita wakiwa ndani ya mablanketi. Joho walikuwa wamelitandika juu yake. Lilikuwa linatoa mvuke na harufu ya sinema ya zamani, na limeanza kujikunyata. Likija kukauka, lingemtosha mfalme wa chekechea. Wendell alitia mkono kwenye mfuko wa ndani. Haukuwa na kitu.

"Mwalimu," Brynn akauliza, "sasa hapo tumeshinda au tumeshindwa?"

Miaka yote, Ijumaa kama hii, yeye ndiye aliyekuwa na maswali. Alilifikiria hilo moja mpaka basi la njano likapiga honi nje, na dereva mpya, kijana asiyejua bado nani hushuka wapi, akaanza kuwaita kwa majina ya ukoo, anayakosea.

Januari mashine zilikuja. Darasa la nane lilirudishwa kwenye sura ile ile, kwa kuwa mashine haikuhesabu yale ya Novemba kuwa yamefundishwa. Walikaa safu kwa safu, hedifoni masikioni, na kwenye vioo vyote mfalme mmoja mdogo wa katuni akawa anacheza na taji lake. Palikuwa kimya. Wendell alizungukazunguka kati ya meza, halafu akaona hana anakokwenda, akakaa nyuma, kwenye kiti alichokalia Bi Pruitt.

Tucker alinyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa imeshavunjika kabisa. Wendell alimwendea akainama.

"Inauliza kwa nini watu waliasi," Tucker alisema. "Inataka jibu moja."

Wendell alisoma. Kodi. Chai. Askari. Mfalme mkaidi. Alisoma tena kuanzia juu, polepole, kana kwamba mara ya pili lingeongezeka.

"Letu halimo," Tucker alisema.

"Naona."

"Sasa?"

Mbele yao Brynn alikuwa amevua hedifoni upande mmoja, anasikiliza. Na wa pembeni yake pia. Wendell alijua kwamba wote walikuwa wanangoja tena aseme neno, kama siku ile darajani.

"Bonyeza lolote, Tucker," alisema. "Kengele inakaribia."

Tucker alimtazama kidogo. Kisha akabonyeza, na mashine ikampigia tarumbeta, ikampongeza.